Kuanzia Kesho Bibi Nitamwogesha Mimi

Seche mwanangu,

Kama umenisikiliza, basi lenu limeshapita Kibaigwa na wewe umekaa dirishani. Kama hukunisikiliza na unaisoma barua hii hapa nyumbani, umejifungia chooni, tafadhali ikunje uirudishe kwenye begi. Nakujua. Ukiisoma hapa hutaondoka. Utalifungua begi lile uanze kurudisha nguo kabatini, na safari hii sitakuwa na nguvu ya kukufukuza.

Nimepata nafasi ya kuandika kwa sababu umekwenda sokoni Majengo kununua ndoo na shuka. Bibi amelala. Kalamu siiwezi, unajua, mkono wangu umezoea koleo na vijiti vya kuchomelea, na macho haya yameliwa na ule mwanga miaka ishirini sasa. Usicheke mwandiko. Na usitegemee humu mambo ya kula vizuri na kuchagua marafiki. Shangazi zako wamekuimbia hayo wiki nzima mpaka na mimi nimeyakariri. Nataka kusema yale ambayo nimeshindwa kuyasema tukiwa tumekaa wawili, kwa sababu mbele yako nina aibu.

Nianze na uongo, niutue. Nilikuambia Mama Asha wa nyumba ya pili atakuwa anakuja asubuhi na jioni kumwogesha bibi. Ndiyo maana ulikubali kwenda chuo. Mama Asha hatakuja. Nilimwomba kweli, nilimwendea nikamwamkia kama mtoto mdogo, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba Seche, mimi mgongo wenyewe huu. Na kusema ukweli, bibi yule ananitisha." Simlaumu. Wewe mwenyewe ulikuwa unaogopa na hukuwa na wa kumwambia.

Kwa hiyo hakuna mtu. Kuanzia kesho ni mimi na yeye.

Najua umeshika kichwa hapo ulipo. Tulia. Acha nieleze tulivyofika hapa, maana wewe ulikuwa ndani ya jambo na hukuwa na nafasi ya kulitazama.

Bibi Yunisi alikuja kwetu mama yako akiwa hai. Alikuja kutibiwa macho, akabaki. Alipoanza kusahau kuzima jiko tukasema uzee. Alipokuuliza wewe ni mtoto wa nani, mama yako alicheka, halafu akaenda nyuma ya nyumba akalia. Mwaka uliofuata mama yako akafariki, presha, siku moja tu, tukabaki watatu: mimi, wewe wa miaka kumi na mitano, na mama mkwe ambaye kila kukicha anauliza binti yake Loyce yuko wapi.

Nilimpigia simu mjomba wako Elia kule Kibakwe. Nikamwambia, "Shemeji, mama sasa anawahitaji wanawe." Akanijibu, "Shemeji, mama alikwenda kwa binti yake mwenyewe kwa miguu yake. Ukimhamisha sasa utamchanganya zaidi." Alisema kwa upole kabisa, utadhani ananifanyia hisani. Tangu hapo amekuja mara mbili, kila mara na kuku, na kila mara kaondoka kabla ya chakula.

Sasa wewe umekulia mjini, hukulelewa katika heshima ya mkwe kama mimi. Mimi nilifundishwa hivi: mama mkwe humsogelei. Hamli pamoja. Akija njiani unampisha mpaka kwenye majani. Chumba anacholala huingii, hata kama nyumba inaungua unapiga kelele aje mtu mwingine amtoe. Miaka yote ile mimi na bibi yako tulisalimiana kila mtu akiangalia upande wake, mimi "Mbukwenyi," yeye "Mbukwa," basi, imekwisha. Haikuwa chuki hata kidogo. Nilimpenda sana yule mama, na namna ya kumpenda ilikuwa hiyo.

Alipoanza kujichafua, nani aingie? Nilikuita wewe. Wala sikukaa na wewe tukazungumza. Nilisema tu, "Seche, kamwangalie bibi yako," nikawasha pikipiki nikaenda zangu Kizota karakana. Watu watakuambia baba yako hakujua alichokuwa anakufanyia. Nilijua. Nilisikia unatapika siku ile ya kwanza, nilikuwa bado nipo getini. Nikakanyaga kiki pikipiki ikawaka nikaondoka. Heshima ya mkwe ni kitu cha kweli, sitaki kuitukana, lakini asubuhi ile nilijifunika nayo kama blanketi na nikaona joto.

Halafu kuna hili la mama yako. Bibi akiuliza Loyce yuko wapi, mimi nilikuwa namjibu ukweli, nikiwa nimesimama mlangoni, uso pembeni: "Mama, Loyce alifariki. Tulimzika." Nilidhani kumdanganya mkwe ni kumvunjia heshima, na mimi simdanganyi mkwe. Ehe, mtu wa heshima! Yeye anapiga yowe, anaanguka chini, anavua kitambaa kichwani anaomboleza kama ndiyo kwanza kaletewa habari, kwa sababu kwake ndiyo kwanza kaletewa habari. Wewe unakimbia kutoka jikoni unamshika. Kesho yake anauliza tena, namjibu tena. Mwaka mzima na zaidi, Seche. Nilimfisha mama yako mbele ya mama yake mara ngapi, na mbele yako mara ngapi, na wewe ulikuwa bado hujamaliza kumlilia hata mara moja. Siku moja uliniambia, "Baba, naomba usimjibu, niache nijibu mimi." Nikakugombeza kwamba unanifundisha kusema uongo.

Sijafika kwenye lile kubwa. Nazunguka tu, nikijidai nakumbuka.

Novemba ile ya mtihani wako wa kidato cha nne, jua la kabla ya mvua, ulinijia siku tatu kabla ukaniuliza nani atakaa na bibi. Nikasema niachie mimi. Ulifurahi, nakumbuka ulinishika mkono. Nikatengeneza geti dogo la nondo nikaliweka kwenye mlango wa chumba chake, kazi safi, hata kona nilizipiga msasa zisimkwaruze. Nikakuambia nitakuwa nashinda naye nyumbani. Ulipotoka na sare yako nikamwekea jagi la maji pale mlangoni, nikafunga kufuli, nikaenda kazini. Nilikuwa na milango ya mteja inayosubiriwa, nikajisemea ni saa chache tu. Jagi alilimwaga dakika ile ile, bila shaka. Hakukuwa na mtu wa kumwongezea. Majirani walisikia anavyogonga zile nondo, lakini kwetu walishazoea kelele.

Wewe ndiye uliyemkuta. Midomo imepasuka, mikono imevimba mpaka viganja havikunjiki, na hata ufunguo hukuwa nao. Ulikaa chini upande wa huku ukamnywesha maji kwa kijiko kati ya nondo mpaka niliporudi. Hukunifokea. Ulisema, "Baba, kesho siendi." Na kweli hukwenda, kesho yake wala keshokutwa, hesabu na bayolojia zikapita. Na mimi sikusema "nenda, nitakaa." Hilo ndilo linaloniua. Geti nililing'oa jioni ile ile, nikajiona nimetubu. Lakini mdomo wangu haukutoa maneno hayo mawili. Watu walipouliza mbona Seche hakumaliza mtihani, niliwajibu, "Aliamua mwenyewe, anampenda sana bibi yake." Na wao wakakusifu. Kanisani ukasimamishwa ukapigiwa makofi. Nilipiga makofi na mimi.

Ulirisiti mwaka uliofuata ukafaulu. Ukapata nafasi ya chuo, nikasema subiri mwaka mmoja, bibi mwenyewe huyu hana siku nyingi. Ukasubiri. Ukapata tena, nikasema tena. Nataka uone nilichokuwa nafanya hapo: nilikuwa nakupangia maisha kwa kutegemea kifo cha mtu. Nimeomba afe, mwanangu. Nimepiga magoti kwenye kiti kile cha plastiki nikamwambia Mungu mchukue, na nilipoinuka nikasikia anakohoa chumbani, nilikasirika. Kama na wewe umewahi kuomba hivyo, ukajiona shetani, basi jua hukuwa peke yako ndani ya nyumba hii.

Mwaka huu ndipo ukaleta habari za yale mafunzo, nesi anafundisha watu wanaotunza wagonjwa wa kusahau, ukumbi wa kanisa, Jumamosi nne. Nikakujibu nini? "Kumtunza mama mtu anafundishwa darasani?" Ukasema mmoja wetu aende na mmoja abaki na bibi. Unadhani nilikwenda kwa sababu ulinishawishi. Nilikwenda kwa sababu ya kukimbia zamu ya kubaki.

Mwanamume nilikuwa peke yangu. Nilikaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Nesi akazunguka akimwuliza kila mtu, mgonjwa wako anaogeshwa na nani? Mimi mwenyewe, mimi mwenyewe, mimi na mdogo wangu. Ikafika kwangu. Nikasema, "Binti yangu." Kulikuwa na mama mmoja wa Kondoa, Bi Hadija, anamtunza mumewe. Akageuka akaniuliza, "Binti yako ana umri gani, baba?" Nikasema ishirini na mmoja. Akauliza, "Alianza akiwa na mingapi?" Nikasema kumi na mitano. Bi Hadija aliniangalia tu, kisha akageuka mbele. Nilitamani anitukane.

Nesi yule alitufundisha ukweli. Kwanza alisema dawa ya kuponya haipo, tuache kuzungukia waganga na maombezi ya kulipia. Akasema ugonjwa huu si laana wala si uchawi, ni ubongo unaumwa. Ubongo wenyewe unafuta kuanzia mambo ya juzi kurudi nyuma, yale ya zamani kabisa ndiyo yanayobaki mwisho. Akasema mgonjwa akimtafuta mtu aliyekufa, usimpelekee msiba. Mwulize habari za mtu huyo, mwache amzungumze. Akasema akikataa kuoga usishindane naye, ondoka, rudi baadaye kwa mlango mwingine. Nilikuwa naandika kwenye daftari la karakana, Seche, na kila alichosema wewe ulikuwa unakifanya. Uligundua mwenyewe, bila mtu kukuambia, ukiwa mtoto wa shule. Ulikuwa ukimwuliza bibi ng'ombe wake wana rangi gani, mimi nikapita nikasema mnazungumza upuuzi, ng'ombe hao walikufa zamani.

Jumamosi ya tatu nesi akauliza, "Na ninyi mnaotunza, nani anawatunza?" Mama mmoja akacheka kwa sauti, akacheka mpaka akalia, somo likaishia hapo. Ya nne ilipokwisha nesi akahamishwa kituo, tukabaki na makaratasi. Nilikuwa nimemfuata nje siku hiyo nikamwuliza kuhusu mkwe, kwamba kwetu mwanamume hawezi. Akasema, "Baba, hilo halipo kwenye karatasi zangu. Pole." Nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Sitakuambia hali itakuwa nafuu. Haitakuwa. Elia hatakuja. Kanisani walikuja kwa zamu, wakachoka, na wana haki ya kuchoka. Mimi nitachelewa karakana, wateja watakwenda kwa mafundi wengine, nitamfokea bibi siku nyingine, nitalia siku nyingine. Na juzi nilikaa kwenye benchi na kopo mkononi nikashindwa kukumbuka jina la ile rangi nyekundu tunayopaka chuma kabla ya rangi yenyewe. Nimeitumia tangu ujana. Jina likaja baadaye, lakini jasho lilikuwa limeshanitoka. Huenda ni uchovu tu. Kama si uchovu, sikiliza vizuri maana leo nina akili zangu timamu na naandika kwa mkono wangu: usiniogeshe. Usiache kazi kwa ajili yangu. Tafuta watu, tafuta kituo, nipeleke kwa mgeni yeyote mwenye mikono mizuri, na watu wakikusema, waache waseme. Nimeshakula miaka sita ya maisha yako. Sitaki kuongezewa.

Nilifurahi ulipochagua upimaji wa ardhi. Shangazi yako alisema kwa nini asisomee uuguzi, tayari ana uzoefu, nikamjibu vibaya mpaka akakata simu.

Sasa ya leo.

Ulipotoka tu kwenda Majengo, bibi akajichafua. Nilisikia harufu kutoka sebuleni. Nikajiambia nisubiri, Seche anarudi. Halafu nikajiambia, na kesho utamsubiri nani? Nikachemsha maji, nikayapoza, nikachukua beseni na sabuni na ile kanga ya kijani, nikasimama mlangoni pake. Miaka yote hii sijawahi kuvuka mlango ule. Nikasalimia, "Mbukwenyi." Hakujibu. Unajua tena jinsi anavyonichukulia siku hizi, mara mimi polisi, mara mimi kaka yake aliyefia machungani, mwaka mzima hajanijua hata mara moja. Nikashukuru kwa hilo. Nikasema afadhali, hanijui, basi si mkwe wake anayeingia, ni mtu tu.

Nikaingia. Nikamkalisha kwenye kigoda. Alikuwa mpole mpaka nilipomvua gauni. Hapo akakakamaa. Akaniangalia usoni, sawasawa, macho yake yakawa yale ya zamani. Akasema kwa Kigogo, kwa sauti ya chini, "Mkwe."

Mimi nikaganda na kitambaa mkononi. Nilikumbuka maneno ya nesi, kwamba ya zamani kabisa ndiyo yanayobaki mwisho. Amesahau mume wake. Wewe amekusahau, uliyemlisha kwa kijiko miaka sita. Lakini hakusahau kwamba mimi sitakiwi kumwona. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alinyoosha mkono wake wenye maji, akanifunika macho. Hakujifunika yeye, Seche. Alinifunika mimi, ili nisivunje heshima yangu. Nikamwogesha hivyo hivyo, nikipapasa kama kipofu, na kila mkono wake ulipochoka ukashuka, aliurudisha. Alikuwa analia. Na mimi nilikuwa nalia, sabuni imeniingia, sioni kitu, na nilijua kwamba kesho atanijua tena, na keshokutwa, na aibu hii ndiyo itakuwa kitu cha mwisho kumtoka.

Nilipokuwa namfunga kanga akaniuliza, "Loyce yuko wapi, mpaka uwe wewe?"

Sijawahi kumdanganya mama mkwe. Nikamwambia, "Yuko njiani, mama. Anakuja." Akatikisa kichwa kukubali, akaniachia nimlaze. Nikatoka nyuma ya nyumba nikatapika, mahali pale pale ulipokuwa ukitapika wewe.

Stendi sitakusindikiza kesho, hakuna wa kumwachia. Tutaagana getini, na sitasema kitu, usinione mkavu. Siku akikuulizia wewe, maana kuna siku moja moja anatafuta mtu ambaye jina hana, anapapasa ukuta akisema "yule, yule," nitamjibu vile vile. Nitamwambia yuko njiani, anakuja.

Wewe usije.

Baba yako